Mnyauko Hauna Bei ya Mwisho

Kwa Spéciose, bei ya kwanza ni salamu. Mtu akikusalimu huondoki papo hapo. Unamuuliza za nyumbani, za watoto, za safari, mpaka mwafaka upatikane. Ndivyo alivyonunua mabati ya nyumba yake kule Kalobeyei, makazi ya wakimbizi karibu na Kakuma, na ndivyo alivyoishi na watu kwa miaka tisa tangu ashuke kwenye lori akitoka Burundi na sufuria mbili na mdomo mmoja. Sufuria moja iliibiwa wiki ya kwanza. Mdomo ulibaki, ukaziba pengo.

Zahanati walipompa vidonge vya siku saba, aliomba vya tano. Mchungaji alipotangaza mfungo wa siku tatu, Spéciose alisimama katikati ya ibada akauliza kama siku mbili na chai ya asubuhi hazingetosha, na ajabu ni kwamba mchungaji alifikiria kidogo kabla ya kukataa.

Katika soko la Kakuma alijulikana kwa ndoo zake. Nyanya kubwa, zilizopanguswa kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya kula, zilikaa juu zikiangalia watu. Zile zenye makovu zilikaa chini zikijitafakari. Huo haukuwa wizi. Mnunuzi ana mikono, na mwenye mikono hupekua. Asiyepekua amenunua kwa macho yake mwenyewe na asilaumu mtu.

Nyanya hizo zilitoka kwenye kishamba chake cha mistari minane, kinachonyweshwa na mfereji wa pamoja unaoshuka kutoka kwenye tangi. Mstari wa kwanza uko juu, karibu na maji. Wa nane uko chini, umepakana na shamba la Papa Onésphore, Mkongomani wa Uvira, katekista mstaafu mwenye sauti ya kusomea Waraka hata anapoomba chumvi. Yeye ndiye mwenye ufunguo wa bomba la mfereji. Wakulima walimchagua kwa sababu alikuwa na kufuli.

Mwezi huo, wiki tatu kabla ya mavuno, mimea ya mistari ya chini ilianza kulegea. Mchana ililala kama mtu mwenye malaria, jioni ikainuka na kujifanya hakuna kilichotokea. Siku ya nne haikuinuka tena. Ikanyauka na majani yake ya kijani kibichi, bila doa, bila mdudu, bila kuomba ruhusa.

Spéciose aliifunga kwa vijiti isimame. Ukiwa barabarani, shamba lilionekana zuri tu. Lakini Papa Onésphore hakukaa barabarani. Alikaa chini yake.

"Mama Annick," alisema, akimwita kwa jina la binti yake, "weye unafungia maiti vijiti ya nini? Ile ugonjwa inatembea na maji. Maji ikitoka kwako inakuja wapi? Kwangu. Ikitoka kwangu inaenda kwa wengine kumi na wawili."

"Ni jua tu, Papa."

"Jua inachagua mistari?"

Kikao cha mfereji kilikaa Jumatano, na uamuzi ukatoka mfupi. Maji yangefunguliwa Jumatatu asubuhi. Kabla ya hapo Spéciose alete karatasi ya maabara kueleza mgonjwa ni nani na mzima ni nani. Bila karatasi, mistari yote minane ing'olewe. Spéciose alijaribu kupatana: mistari miwili? Mitatu, lakini baada ya mavuno? Wakulima kumi na watatu walitikisa vichwa kwa pamoja, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya hata kwa sala ya Baba Yetu.

"Kuna maabara ndogo ya mimea huko Lodwar," alisema Papa Onésphore. "Kuna binti Mturkana anaitwa Amuria. Peleka sampuli."

Na neno hilo ndilo lililomponza.

Kwa maana Spéciose alilijua vizuri neno sampuli. Wenye hoteli wa Kakuma hulisema kila siku: leta sampuli nione. Na sampuli, kwa mtu yeyote aliyewahi kuuza kitu akala, ni ile nyanya iliyo bora kuliko zote, unayoitoa mfukoni kama pete ya harusi ili mtu atamani gunia zima. Hakuna mwenye akili anayepeleka sampuli mbovu. Kwa hiyo Alhamisi alfajiri, akiwa na ruhusa ya kusafiri ya siku mbili mkononi, Spéciose alichuma nyanya kumi na mbili zilizotangulia kuiva kutoka mstari wa kwanza na wa pili, akazipangusa kwa mafuta, akaifunga kila moja kwa gazeti, akapanda Probox ya Zubeyr, Msomali mwenye teksi, kwenda Lodwar akiwa na moyo mkunjufu. Kama kesi yenyewe ni ya kuonyeshana nyanya, alikuwa ameshashinda.

Maabara ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu, na feni, friji, na darubini iliyovalishwa mfuko wa plastiki dhidi ya vumbi. Amuria alikuwa mwanamke mrefu mwenye koti jeupe na shanga shingoni.

"Ejok?" alimsalimu kwa Kiturkana.

"Ejok-nooi," alijibu Spéciose, akaanza kupanga nyanya zake mezani, moja moja, kubwa mbele.

Amuria aliziangalia. Akainua moja, akainusa.

"Mama, hizi zimepakwa nini?"

"Hazijapakwa. Ni ngozi yake."

"Sawa. Zina shida gani?"

Swali hilo Spéciose aliulizwa na wanunuzi mara elfu, na jibu lake halikuwahi kubadilika. "Hazina shida yoyote, dada. Angalia mwenyewe. Binya."

"Mimi sitaki kubinya. Nataka kujua ugonjwa."

"Ugonjwa wapi? Hizi? Hizi unaweza kumpa mtoto aliyetoka kuzaliwa."

Amuria alikaa chini. "Mama, umetoka Kalobeyei mpaka hapa kuniletea nyanya nzima?"

"Nimekuletea sampuli."

"Sampuli ya nini?"

"Ya shamba."

"Basi shamba lako ni zima," alisema Amuria, "naweza kukuandikia hivyo sasa hivi. Nitaandika: nimeletewa nyanya kumi na mbili, nzuri, zina mafuta."

Spéciose aliitazama meza. Karatasi ilikuwa pale, kalamu ilikuwa pale. Alipiga hesabu kichwani haraka, kama mtu anayepima gunia kwa jicho. Papa Onésphore anajua kusoma, na akifika kwenye "mafuta" atacheka mpaka Kakuma wasikie. Hilo dogo. Kubwa ni kwamba karatasi haisimamishi shina. Maji ya Jumatatu yangepita kwenye mistari ya chini kama kawaida, ugonjwa ungeendelea na shughuli zake, na kufikia mavuno angekuwa na karatasi nzuri sana ya kufungia sifuri.

"Na kama," alisema polepole, "kuna nyingine huko nyumbani ambazo si nzuri kama hizi?"

"Si nzuri vipi?"

"Zimechoka."

"Zimechoka au zimekufa?"

"Zimechoka mpaka zimekufa."

Amuria alipiga meza kwa kiganja. "Hizo ndizo ninazotaka! Mama, hapa ni hospitali. Mgonjwa anabaki nyumbani, halafu unamleta dada yake aliyevaa vizuri? Nataka mmea wenyewe, na mizizi, na udongo wake. Mmoja kutoka kila mstari, ule mbaya kuliko wote. Kesho ni Ijumaa, nafunga saa nane. Jumatatu nitakuwa Lokitaung."

Ruhusa ya Spéciose nayo ilikuwa inaisha kesho. Akatoka nje, akasimama kwenye kivuli cha ukuta, akapiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa Papa Onésphore.

"Papa, ning'olee mashina manane. Moja kila mstari, bovu kabisa, na udongo. Andika namba."

"Sasa weye ulipeleka nini huko?"

"Sampuli."

"Na hii ni nini?"

"Hii ni ugonjwa. Wacha maswali, kwaheri."

Ya pili ilikuwa kwa Zubeyr, ambaye alikuwa amesharudi na abiria wa Kakuma. Na hapa lazima ieleweke kwamba Kalobeyei watu wanakutana kwa Kiswahili kama wanavyokutana kwenye bomba la maji: kila mmoja anakuja na ndoo yake. Ngeli za shule zilibaki shule. Spéciose, Mrundi, mwenye haraka, na mwenye kuongea juu ya mimea yake kama watu, alisema hivi:

"Zubeyr, nyanya yangu ni mgonjwa sana. Kesho alfajiri umuchukue kwa Papa Onésphore, umulete Lodwar kwa daktari. Polepole, asipigwe na jua."

Zubeyr, aliyelelewa na nyanya yake, mama ya mama yake, tangu Kismayu, akajibu kwa sauti iliyolainika: "Usijali walaal, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nitamleta. Wewe omba Mungu tu."

Spéciose aliona ni upole wa kupita kiasi kwa mzigo wa mashina manane, lakini yeye si mtu wa kurudisha upole akiletewa. Akaenda kulala kwa Mrundi mwenzake wa kanisa, usingizi mzito.

Ijumaa saa tatu asubuhi hakuna Probox. Saa tatu na nusu akapiga simu.

"Zubeyr, umefika wapi?"

"Niko Kalobeyei."

"Kalobeyei! Bado unafanya nini?"

"Nangoja nyanya."

"Si umepewa?"

"Nimepewa mfuko tu, ina majani. Dawa ya kienyeji, nimeweka mbele. Mgonjwa mwenyewe bado hajatoka nyumba."

Spéciose akaibana simu sikioni. "Mgonjwa gani?"

"Nyanya! Mimi nauliza huyu mzee, nyanya iko wapi, yeye anasema nimekupa. Namwambia mzee, heshimu mgonjwa, mlete. Anasema nimekupa zote nane. Nane! Wallahi Mama Annick, wewe una nyanya wangapi?"

"Zubeyr," alisema Spéciose, akiwa amefumba macho. "Nyanya ya kula."

"Ya kula?"

"Ya kachumbari, Zubeyr."

"Mimi nimelaza viti," alisema Zubeyr kwa sauti ndogo. "Nimeweka godoro. Nimefukuza abiria wanne. Nimemwambia mke wangu atengeneze uji."

"Uji kunywa wewe, gari washa!"

Alifika saa nane kasoro robo, baada ya kusimama Lodwar kwa swala ya Ijumaa, kwa sababu Zubeyr alisema nyanya wa mtu anaweza kumchelewesha kuswali, lakini nyanya ya kachumbari hapana. Amuria alikuwa ameshashika kufuli. Spéciose alisimama mlangoni kwa mwili wote, ambao haukuwa mdogo, akamsihi, akamsifia shanga, akamwambia mama yake alizaa mtu. Amuria akarudi ndani akiguna. Zubeyr naye akaingia na kukunja mikono kifuani. Alitaka kuona kwa macho yake kitu kilichomfukuzia abiria wanne.

Amuria alikata kipande cha shina la mstari wa nane. Ndani palikuwa na rangi ya kahawia, kama chai iliyomwagikia mkate. Akakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, kikigusa maji kwa ncha tu.

"Sasa tungoje."

Hawakungoja sana. Kutoka kwenye ncha ya shina ukashuka uzi mweupe, mwembamba, laini, ukijikunja ndani ya maji kama moshi wa ubani uliogeuzwa chini juu.

"Mashallah!" Zubeyr alisahau hasira zake. Kwao utajiri wote ulikuwa ngamia, na kitu kinachotoa maziwa hakiwezi kuwa kibaya. "Inatoa maziwa! Mama Annick, hii usiuze. Hii fuga!"

"Hayo maziwa ni bakteria," alisema Amuria. "Mamilioni. Wamejaa kwenye mishipa ya mmea mpaka maji hayapandi. Ndiyo maana unanyauka ukiwa kijani. Unakufa na kiu ukiwa umesimama ndani ya maji."

Zubeyr akarudi nyuma hatua mbili na kujifuta mikono kwenye kikoi.

Maziwa yakatoka pia kwenye shina la saba na la sita. La tano halikutoa, wala yale ya juu. "Lakini glasi inaweza kudanganya ugonjwa ukiwa mchanga," alisema Amuria. "Lazima nithibitishe kwa vijiti." Akatoa vijiti vya kupimia, vyembamba kama vile vya malaria. Vilikuwa vimebaki vinne.

"Mistari minane, vijiti vinne," alisema. "Nitapima mistari minne tu."

Hapo ndipo Spéciose alipoamka. Maradhi hakuyajua, lakini kugawa kidogo kikawatosha wengi hakufundishwa na mtu. "Kwa nini minne? Wanaonunua maziwa ya ngamia sokoni hawaonji kila chupa. Wanachanganya kidogo kidogo kwenye kikombe kimoja. Ikiwa chachu, wanajua imo humo. Changanya wa kwanza na wa pili. Wa tatu na wa nne. Hivyo hivyo mpaka chini."

Amuria akamgeukia. "Mama, umesomea wapi?"

"Sokoni Kakuma."

Mashina yakapondwa mawili mawili, kila jozi kwenye mfuko wake wenye maji ya dawa, vijiti vikatumbukizwa. Mstari mmoja kwenye kijiti ni salama, mistari miwili ni ugonjwa. Jozi ya kwanza: mmoja. Ya pili: mmoja. Ya nne, ile ya chini kabisa: miwili, myekundu, wazi kama vidonda.

Zubeyr alichungulia. Mistari miwili aliijua. Mke wake alimwonyesha mara tatu. "Nyanya ana mimba," akatangaza.

Kilichobaki ni jozi ya tatu, mstari wa tano na wa sita. Mstari mmoja ulikuwa wazi. Wa pili ulikuwa hafifu, kama umeandikwa na mtu mwenye haya.

"Huo si mstari," alisema Spéciose haraka.

"Ni mstari."

"Ni nusu. Andika nusu."

"Hakuna nusu, mama."

"Basi ondoa wa sita uniachie wa tano. Wa tano glasi imesema hauna maziwa. Mimi nimekuja kutoka mbali, dada. Punguza kidogo."

"Nipunguze bakteria?"

"Punguza kwenye karatasi. Huko shambani nitajua mwenyewe."

Amuria aliweka kalamu chini. "Mama Annick, mimi nikikuachia mstari wa tano, ugonjwa utakuachia? Utapanda na jembe lako, utaula wa nne, kisha wa tatu. Huu hauna bei ya mwisho. Ukiupa kidogo unachukua chote."

Spéciose aliwahi kukutana na mchuuzi wa namna hiyo mara moja tu maishani, na alimwacha na mali yake akaenda zake. Akahema. "Andika."

Amuria akiandika, akauliza miche ilitoka wapi. Ya mistari sita ya juu, alisema Spéciose, aliinunua kitaluni. Ile ya mstari wa saba na wa nane alimkamua Papa Onésphore baada ya kununua kwake mbegu za mchicha. Alimsumbua siku nzima mpaka akampa miche arobaini kama nyongeza ili aende zake.

"Arobaini ya bure," alisema Amuria. "Na yeye hiyo miche mingine alipanda wapi?"

"Kwake," alisema Spéciose. Kisha akasema tena, taratibu, uso ukianza kupata nuru: "Kwake."

Jumatatu saa moja asubuhi wakulima wote walikuwa kwenye mfereji. Spéciose hakusoma karatasi. Alimkabidhi Papa Onésphore, mwenye sauti. Akasoma kama Waraka: mistari ya kwanza hadi ya nne, ugonjwa haukuonekana, inyweshwe. Mistari ya tano hadi ya nane ing'olewe na mizizi, ichomwe, pasipandwe nyanya, biringanya, pilipili wala viazi. Mtama ni sawa. Watu wakaguna kwa kuridhika. Maji yasipite hapo kwenda kwa jirani, yachimbiwe njia ya pembeni. Wakaguna tena. "Chanzo kinachodhaniwa," aliendelea, "ni miche kutoka shamba la..." Sauti ikashuka ghafla.

"Endelea, Papa," alisema Spéciose. "Watu wa nyuma hawasikii."

"...la jirani wa chini. Nalo lipimwe."

Vichwa kumi na viwili vikageuka.

"Mama Annick," alisema Papa Onésphore, "tuongee kidogo."

Waliongea kidogo. Spéciose angeng'oa mistari yake minne kabla ya maji kufunguliwa, na aling'oa, bila kuilaza vizuri wala kuiaga, akairundika na kuichoma na vijiti vyake. Papa Onésphore, kwa upande wake, angechimba njia ya pembeni peke yake, kisha apande Probox kwenda Lodwar na mashina yake mabaya. Hakuna aliyemlaumu mwenzake mbele ya watu, kwa sababu lawama haimwagilii kitu.

"Basi niazime jembe yako," alisema Papa Onésphore, kama alivyosema kila msimu kwa miaka sita.

"Soma mstari wa mwisho."

Akaifungua tena karatasi, akaisogeza mbali na macho. "Jembe... lisiazimwe."

"Daktari amekataza. Mimi ningekupa."

Mzee akaenda akarudi na koleo la kanisa. Ufunguo ukazunguka, maji yakashuka yakibeba vumbi na majani makavu, yakaingia mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Hapo Spéciose akaziba kwa udongo na kukanyaga kwa visigino vyote viwili. Mimea ya mistari hiyo minne ilisimama wima, bila kijiti hata kimoja. Akakaa kwenye tuta, akakunja kitenge magotini, akamtazama mzee akichimba.

Papa Onésphore alisimama, akajifuta jasho, akaelekeza koleo ndani ya shimo.

"Hapa inatosha?"

Spéciose alichungulia, akainamisha kichwa upande mmoja, akakunja midomo.

"Shuka kidogo, Papa."